Sindano Mbili Katika Darasa la Hesabu

Mtu akipita alfajiri katika njia za Tarime wakati wa masika ataona jambo ambalo mgeni kutoka pwani hulishangaa: wanafunzi wote wamejifunika masweta. Mji wa Tarime umekaa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuzidisha mwenyewe na kuona kwamba kimo hicho peke yake kinaipunguzia hewa ya nyumbani kwake karibu nyuzi kumi. Kwake yeye sweta si pambo, bali ni hitaji.

Sweta hilo aghalabu lina rangi moja ya shule, na shingoni limezungushiwa milia miwili au mitatu ya rangi nyingine. Mwanafunzi hulivaa kwa miaka minne. Hulivuta, hulifua, hulitoboa viwiko, kisha humwachia mdogo wake. Ukimwuliza limetengenezwaje, atakujibu kwamba limetengenezwa kwa mashine. Ukimwuliza tena kwa nini shingo yake hupanuka kichwa kinapopita na kurudi mahali pake baadaye, hali uzi wenyewe ukivutwa haurefuki kwa kiasi hicho, atanyamaza. Na mwalimu wake wa fizikia huenda akanyamaza pamoja naye.

Maoni yangu ni kwamba ukimya huo ni hasara kwa elimu yetu. Nashikilia kwamba ufumaji wa sindano mbili, yaani maumbile yake manne ya mwanzo na milia yake ya rangi, unastahili kufundishwa katika shule za sekondari za Tarime, Serengeti na kwingineko, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Na kwamba mahali pake hapaishii katika chumba cha sayansikimu, bali ni pia katika darasa la hesabu na maabara ya fizikia.

Neno moja, kazi mbili

Kiswahili hutumia neno moja, kufuma, kwa kazi mbili ambazo mwanasayansi lazima azitenganishe. Kazi ya kwanza ni ya kitanda cha mfumi: nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu, na uzi wa mshindio hupita kati yake kwa upana, juu ya mmoja na chini ya mwingine. Ndivyo zilivyofumwa khanga za viwanda kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968. Katika kitambaa cha namna hiyo nyuzi zimenyooka karibu kabisa, na kwa sababu hiyo khanga ukiivuta kwa urefu au kwa upana haikubali kunyumbuka.

Kazi ya pili ndiyo ya sweta. Hapa hakuna mtande wala mshindio. Kuna uzi mmoja tu, uliopindwa kuwa vitanzi, na kila kitanzi kimevutwa kupitia kitanzi kilicho chini yake. Ukilivuta sweta, uzi haurefuki. Kinachobadilika ni sura ya kitanzi. Kitanzi kilichokuwa kirefu na chembamba huwa kifupi na kipana, na ukiliachia, ule upindaji wa uzi huvirudisha vitanzi karibu na sura yao ya kwanza. Kati ya vitanzi hivyo hubaki vijumba vingi vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno. Sweta, kwa hiyo, halileti joto lolote. Hulizuia joto la mwili lisitoke. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili ameelewa pia kwa nini masweta mawili mepesi huweza kumfaa kuliko moja zito, na kwa nini sweta lililolowa mvua halimsaidii kitu.

Vitanzi viwili, vitambaa vingi

Mfumaji wa sindano mbili ana vitanzi viwili tu vya msingi. Akikivuta kitanzi kipya kupitia kile cha zamani kutoka nyuma kuja mbele, tutakiita kitanzi cha uso. Akikivuta kutoka mbele kwenda nyuma, tutakiita kitanzi cha mgongo. Kitanzi cha uso ni laini na kina sura ya herufi V. Kitanzi cha mgongo kina kijituta cha kulala. Tena, hivi viwili ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili: ukikigeuza kitambaa, kilichokuwa uso kinakuwa mgongo.

Kutokana na vitanzi hivyo viwili hupatikana maumbile manne ambayo kila anayejifunza huanza nayo. La kwanza ni kitambaa cha matuta: unafuma vitanzi vya uso katika kila safu, na kwa kuwa unageuza kazi kila mwisho wa safu, hutokea matuta ya kulala kama ya shamba la viazi. La pili ni kitambaa laini: safu moja ya uso, safu inayofuata ya mgongo, na upande wa mbele huwa wa V tupu. La tatu ni kitambaa cha mbavu: kitanzi kimoja cha uso, kimoja cha mgongo, vikisimama katika milolongo ya wima. La nne ni kitambaa cha punje: uso na mgongo hupishana kwa upana na kwa urefu, na kitambaa huonekana kana kwamba kimenyunyiziwa ulezi.

Mwalimu wa hesabu ataona mara moja kwamba hii ni lugha ya alama mbili, kama ile ya sifuri na moja inayotumiwa na kompyuta. Safu ya vitanzi kumi inaweza kupangwa kwa namna 1,024 zilizo tofauti, yaani mbili kwa kipeo cha kumi. Kipande kidogo cha vitanzi kumi kwa safu kumi kina mipangilio ambayo idadi yake ni namba yenye tarakimu 31. Mfumaji yeyote, hata angeishi miaka mingapi, hataweza kuimaliza.

Vijana ishirini na vijana ishirini na moja

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa katika shule moja ya wilaya ya Tarime, ambayo sina haja ya kuitaja, siku mwalimu alipoingia na fungu la sindano na mabonge ya uzi. Wavulana walicheka. Mmoja wao alisimama akasema, “Shikamoo, mwalimu. Samahani, lakini hii ni kazi ya dada zetu.”

“Marahaba, mwanangu,” mwalimu akajibu. “Keti. Ukishindwa kunieleza nitakachokuuliza mwisho wa kipindi, tutajua ni kazi ya nani.”

Akaligawa darasa mafungu mawili. Fungu la kwanza aliliambia lianze na vitanzi 20 kwenye sindano, fungu la pili vitanzi 21. Kisha akaandika ubaoni agizo moja kwa wote: uso mmoja, mgongo mmoja, mpaka mwisho wa safu, geuza, anza tena na uso. Vidole vilikuwa vizito, na vipindi viwili vizima vilikwisha kabla ya kipande cha kwanza kuonekana. Ndipo ubishi ulipozuka. Waliokuwa na vitanzi 20 walipata mbavu. Waliokuwa na 21 walipata punje. Kila upande ukaushutumu mwingine kwamba haukufuata agizo.

Hakuna aliyekosea. Namba 20 ni shufwa, na 21 ni witiri. Katika safu yenye idadi shufwa, kitanzi cha mwisho ni cha mgongo. Ukigeuza kazi, kitanzi hicho kinakutazama kama uso, nawe unaanza na uso juu yake. Uso unakaa juu ya uso, safu baada ya safu, na ubavu unasimama. Katika safu yenye idadi witiri, kitanzi cha mwisho ni cha uso. Ukigeuza, kinakutazama kama mgongo, nawe unaweka uso juu ya mgongo. Vinapishana, na punje zinazaliwa. Tofauti ya kitanzi kimoja imebadilisha kitambaa kizima.

Yule kijana aliyecheka alikuwa wa kwanza kulieleza jambo hilo mbele ya darasa, na alilieleza kwa sindano mkononi, akigeuzageuza kipande chake. Nimehudhuria masomo mengi ya namba shufwa na witiri. Sikumbuki jingine ambalo wanafunzi walibishana hivyo kuhusu ukweli wa hesabu kana kwamba ni jambo linalowahusu.

Milia na kanuni yake

Hatua ya pili ni milia ya rangi. Mtoto hudhani kwamba milia ni suala la kuchagua rangi tu, lakini mfumaji wa sindano mbili hukutana upesi na kikwazo. Akifuma safu moja nyeupe na safu moja buluu, kisha akitaka kuurudia uzi mweupe, anakuta uzi huo umebaki upande wa kushoto hali sindano yake inaanzia kulia. Atalazimika kuukata na kuufunga upya kila safu. Akifuma safu mbili mbili, kila uzi humngoja mahali anapouhitaji. Na akiwa na rangi tatu, safu moja moja, jambo linawezekana tena.

Mwanafunzi aulizwe kwa nini. Jibu ni kanuni moja fupi: uzi ulioachwa ukingoni utakuwa tayari pale tu ambapo safu zilizofumwa kwa rangi nyingine, kabla ya kuurudia, ni idadi shufwa. Kwa rangi mbili na safu moja moja, safu za katikati ni moja, ambayo ni witiri, na kazi inakwama. Kwa rangi tatu, safu za katikati ni mbili, na kazi inaendelea. Ajaribu sasa rangi nne, kisha tano, kisha milia isiyo na upana sawa. Ataweza kutabiri kabla ya kugusa sindano. Kutabiri kabla ya kujaribu, kisha kujaribu ili kujisahihisha, ndiyo desturi yenyewe ya sayansi.

Tena rangi hufichua umbile. Kitanzi cha mgongo hutokeza mbele kichwa cha kitanzi cha safu iliyotangulia. Kwa hiyo rangi mpya ikianza kwa vitanzi vya mgongo upande wa mbele, mpaka wa milia huvunjika kuwa nukta nukta. Anayetaka mpaka ulionyooka huanza rangi mpya kwa safu ya uso. Na ikiwa umbile lake hujirudia kila baada ya safu nne na milia yake kila baada ya safu sita, pambo lote litajirudia baada ya safu 12, yaani kigawe kidogo cha shirika cha namba hizo. Mkono wa sweta wenye safu 60 utalibeba pambo hilo mara tano kamili.

Milia si jambo la jana wala la kigeni kwa bara letu. Vipande vya zamani kabisa vinavyojulikana vya ufumaji halisi wa sindano vimetoka Misri: soksi za pamba za zama za kati, zenye mapambo ya nyeupe na buluu. Na ipo soksi ya mtoto iliyopatikana Antinoupolis, Misri, ya karibu mwaka 300 baada ya Kristo, iliyoshonwa vitanzi kwa sindano moja, njia iliyotangulia ufumaji huu. Mwaka 2018 wataalamu wa British Museum walionyesha kwamba milia yake yote ya rangi kadhaa ilitokana na rangi tatu tu za mimea: nyekundu, buluu na njano, zilizochanganywa na kurudiwa. Fundi yule wa kale alikuwa mkemia, ingawa hakuna aliyempa jina hilo.

Kutoka darasani hadi maabara

Mwalimu wa fizikia naye ana kazi. Vipande vinne vya maumbile niliyoyataja, vilivyofumwa kwa uzi mmoja na kwa idadi sawa ya vitanzi na safu, vitundikwe na kuning'inizwa chupa zilizotiwa maji kwa kipimo. Chupa ya nusu lita ya maji huvuta kwa kani ya karibu nyutoni 5. Wanafunzi wapime mrefuko na wachore grafu. Wataona kwamba mstari haunyooki kama ule wa springi katika kanuni ya Hooke: mwanzoni kitambaa hunyumbuka kwa urahisi kwa sababu vitanzi vinabadili sura, kisha huwa kigumu vitanzi vinapokwisha kunyooka na uzi wenyewe kuanza kubeba uzito. Wataona pia kwamba mbavu hunyumbuka sana kwa upana, na ndiyo sababu hutumika shingoni na vifundoni, na kwamba kitambaa laini hujikunja kingoni, wakati matuta, mbavu na punje hulala.

Asiseme mtu kwamba hayo ni michezo. Mwaka 2024 watafiti wa Georgia Institute of Technology cha Marekani walichapisha katika jarida la Nature Communications uchunguzi wa vitambaa vinne hivi hivi, wakionyesha jinsi uzi ule ule unavyozaa ugumu tofauti kutokana na mpangilio wa vitanzi peke yake. Wanafizikia wenye maabara kubwa wanaviona vitanzi hivi kuwa somo linalowastahili. Nasi tunaviona kuwa kazi ya kupitishia jioni.

Pingamizi na majibu

Najua pingamizi tatu. Ya kwanza ni kwamba sweta la mashine ni rahisi kupatikana, kwa nini tujisumbue? Hilo ni kweli, nami simwambii mwanafunzi ajifumie sweta zima. Nasema afume vipande vinne vya upana wa kiganja na ukanda mmoja wa milia. Kikokotoo nacho ni rahisi kupatikana, wala hatujaacha kufundisha kujumlisha.

Ya pili ni gharama. Lakini njiti za mwanzi zilizosuguliwa vizuri, au spoku mbili za baiskeli zilizonolewa kidogo na kulainishwa, hufanya kazi ya sindano. Kondoo wetu wa kienyeji wana singa wala hawana sufu, na nyuzi nyingi za dukani ni za akriliki iliyotokana na mafuta ya petroli. Hata hivyo sweta kuukuu la mtumba, likifumuliwa kwa uangalifu, hutoa uzi wa kutosha darasa zima. Na kufumua kwenyewe ni somo. Katika kazi chache tu mwanafunzi huweza kurudi nyuma hadi mahali hasa alipokosea, akaliona kosa, akaanza tena bila kupoteza kitu.

Ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni dhana kwamba sindano ni za wasichana. Hilo si la maumbile wala la historia. Katika Ulaya ya karne ya 16 vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume na wavulana ndio wafumao kofia, na sanaa ya nguo ya kisiwa hicho ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mvulana wa Tarime anayekataa sindano hailindi heshima yake, anajinyima somo.

Hofu yangu

Liko jambo linalonifanya niandike sasa. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla katika shule za sekondari. Ni hatua njema, nami naiunga mkono. Lakini mikondo miwili ina hatari ya kuzaa fikra mbili: kwamba upande mmoja kuna wenye mikono, na upande wa pili kuna wenye vichwa. Tukiruhusu hivyo, mfumaji wa amali atafuma bila kujua kwa nini vitanzi 21 humpa punje, na mwenzake wa elimu ya jumla atakariri maana ya witiri bila kuiona hata siku moja ikifanya kazi. Wote wawili watakuwa wamepunjwa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitahadharisha juu ya shule inayomtenga kijana na kazi ya jamii yake. Tusiirudishe tahadhari ile kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, sikuombi ungoje mtaala wala vifaa. Nakuomba vipindi viwili katika muhula, bonge la uzi, na agizo moja la ubaoni. Nawe ndugu mwanafunzi, kesho asubuhi kabla ya kulivaa sweta lako, ligeuze ndani nje chini ya mwanga. Tafuta mahali mbavu za shingo zinapokutana na kitambaa laini cha kifua. Hesabu safu za kila mlia. Jiulize uzi wa rangi ya pili ulisubiri wapi. Ukiweza kulijibu swali hilo, utakuwa umeanza kulielewa vazi ulilolivaa miaka yote bila kulitazama.